Kudesa Takwimu kwa Heshima

Umerudi kutoka Kilosa. Madodoso yako yamo kwenye simu, barua ya kibali imejaa mihuri ya watendaji wa vijiji, na msimamizi anaitaka sura ya nne kabla ya mwezi kwisha. Umefungua SPSS. Mbele yako pamejaa maneno ambayo hukuyasikia kwa mzee yeyote wa Ihombwe wala kwa mama yeyote wa sokoni Mikumi: "Factor", "Covariate", "Scale", "Sig.". Bumu limeisha. Jirani yako wa bweni amekunong'oneza kwamba pale stesheneri kuna kijana anakuchambulia data zote hadi jioni, malipo mkononi.

Usiende. Kijana yule hajui kama gunia uliloandika ni la kilo mia au ni lumbesa, na siku ya utetezi hatakuwamo chumbani. Kaa hapa nikufundishe kudesa mwenyewe. Takwimu ina njia za mkato nyingi kuliko unavyodhani, zote halali, na wanaozijua huonekana mabingwa. Unataka kuonekana bingwa, najua, na hakuna ubaya. Na kwa kuwa huenda matokeo yako yakafeli, nitakufundisha pia kufeli shingo ikiwa imenyooka.

Hatua ya 1: Usijifunze programu

Programu ina menyu chungu nzima. Swali lako ni moja. Funga kompyuta, chukua karatasi, andika unachotaka kujua kwa maneno ambayo mwenyekiti wa kitongoji angeyaelewa bila kuuliza mara mbili. Kwa mfano: je, mashamba yaliyo jirani na mpaka wa hifadhi yanaliwa na tembo zaidi kuliko yaliyo mbali? Hifadhi ya Taifa ya Mikumi imekuwapo tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230 na haijazungushiwa uzio, kwa hiyo wapo watu wanaolala macho shambani wakilisubiri jibu la swali hilo.

Sasa pigia mstari vitu viwili: kile unachokipima (mahindi yaliyoliwa) na kile kinachowagawa watu wako (karibu au mbali). Hapo umemaliza sehemu ngumu. Karibu kila neno la kutisha utakalokutana nalo ni jina la kimoja kati ya hivyo viwili, au ni jina la namna ya kuvilinganisha.

Majina yamekuwa mengi kwa sababu programu zilizaliwa katika nyumba tofauti. SPSS ilianza 1968 Chuo Kikuu cha Stanford, kazi ya Norman Nie, mwanafunzi wa sayansi ya siasa, na wenzake wawili. Inazungumza lugha ya watu wa dodoso. GenStat ilitoka Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza. Inazungumza lugha ya vitalu na mbolea. Stata ilitoka 1985 na wachumi wakaikumbatia. R waliianzisha wanatakwimu wawili wa Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika chuo kama Sokoine pale Morogoro, mwanafunzi wa kilimo, wa wanyamapori na wa maendeleo vijijini wanaweza kukaa meza moja, kila mmoja na programu yake, wakabishana usiku kucha kumbe wanasema kitu kimoja. Ukichanganyikiwa, akili yako haina kasoro. Waliochanganya ni wao. Aibu ikutoke, tuendelee.

Hatua ya 2: Ukiona "Factor", uliza la nani

Hili ndilo neno litakalokuangusha mapema kuliko mengine yote, kwa hiyo tulikalie kitako.

Mtafiti wa mahindi pale Ilonga, nje kidogo ya mji wa Kilosa, akisema fakta ana maana ya kitu anachokibadilisha makusudi: aina ya mbegu, kiasi cha mbolea. SPSS kwenye menyu ya kulinganisha wastani ikiandika "Fixed Factor", inaomba kitu chochote kinachogawa watu katika makundi, hata kama hukukibadilisha wewe: kijiji, jinsia, aina ya ng'ombe. SPSS hiyohiyo, menyu chache chini, ina "Factor Analysis", na hapo fakta ni kitu kisichoonekana kilichojificha nyuma ya maswali mengi, kama vile imani ya wanakijiji kwa askari wa hifadhi. Ukiingia R, fakta ni namna tu ya kuhifadhi majina ya makundi ndani ya kompyuta. Maana nne, tahajia moja.

Desa lako ni hili: usimwulize mtu "fakta ni nini". Mwulize "fakta ya shambani, ya makundi, ya kilichojificha, au ya R?" Utaonekana msomi papo hapo, na zaidi ya hapo utapata jibu sahihi.

Ile ya R ina mtego unaostahili kuoneshwa kwa karibu. Tuseme uliuliza magunia ya mahindi na ukapata 8, 10, 12 na 20. Msaidizi wako mmoja, kwa bidii zake, akaandika "magunia 12" badala ya 12. Herufi hizo chache zinaifanya R iione safu nzima kuwa maneno. Matoleo ya kabla ya 4.0.0, lililotoka Aprili 2020, yaliyageuza maneno hayo kuwa fakta yenyewe bila kukuomba ruhusa, na katika matoleo mapya unaweza kuyageuza mwenyewe kwa kufuata mafunzo ya zamani. Kisha unaiamuru irudishe namba. Inarudisha namba, ndiyo, ila ni namba za foleni, na foleni yenyewe imepangwa kama kamusi: 10 ni wa kwanza, 20 wa pili, 8 wa tatu, "magunia 12" wa nne. Mkulima wa gunia 8 sasa ana 3. Mkulima wa gunia 10 ana 1. Wastani utatoka, grafu itachoreka, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Dawa ni kugeuza fakta kuwa maneno kwanza, ndipo uyageuze maneno kuwa namba. Dawa bora zaidi ni kuangalia gunia dogo kuliko yote na gunia kubwa kuliko yote kabla ya kufanya lolote. Dakika moja.

Hatua ya 3: "Covariate" ina sura mbili

Kwenye kulinganisha wastani, SPSS inataka "Factor" iwe kundi na "Covariate" iwe namba halisi, kama umri au ekari. Ukihamia kwenye rigresheni ya ndiyo na hapana, SPSS ileile inakuletea kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "Covariates", na humo unamwaga kila kitu, hadi kijiji na jinsia. Ukishamwaga, bonyeza kitufe cha "Categorical" uiambie yapi ni makundi. Ukisahau, programu itachukulia kwamba kijiji namba 4 ni mara mbili ya kijiji namba 2. Usisahau.

Hatua ya 4: Mjue aliyesimamishwa kuwa kipimo

Hapa nitaacha utani kidogo, maana Kilosa si mahali pa kukosea jambo hili.

Unapoweka makundi kwenye rigresheni, programu inachagua kundi moja kimyakimya, inalisimamisha, na kuwapima wengine wote kwa kulitazama hilo. Halitokei kwenye jedwali kwa namba yake. Linakosekana tu, au linaandikiwa sifuri. Na kila programu ina desturi yake. Rigresheni ya ndiyo na hapana ya SPSS, ukiiachia yenyewe, inasimamisha kundi la mwisho. Stata, ukitumia alama yake ya makundi, inasimamisha lenye namba ndogo. R inafuata alfabeti na kusimamisha la kwanza.

Tuseme una vijiji vinne: Ihombwe, Kidodi, Rudewa na Twatwatwa, umevipa namba 1 hadi 4 kwa mpangilio huo. R itawapima wote kwa Ihombwe. SPSS itawapima wote kwa Twatwatwa, kijiji cha wafugaji. Au tuseme umeandika 1 kwa mkulima na 2 kwa mfugaji, na unauliza nani ameripoti mgogoro wa ardhi. Namba iliyokuwa na alama ya kujumlisha kwenye kompyuta yako itakuwa na alama ya kutoa kwenye kompyuta ya mwenzako, data zilezile, na ninyi wawili mko sahihi. Asiyejua atasoma jedwali kinyume na kuandika kwamba wafugaji ndio wanaoripoti zaidi, au kwamba wakulima ndio, kutegemea alinunua kompyuta yenye programu gani.

Wilaya hii ilizika watu 38 wa Rudewa Mbuyuni baada ya shambulio la Desemba 2000 katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2009 familia za wafugaji ziliondolewa kwa nguvu. Sentensi moja ya tasnifu, iliyosomwa kinyume, inaweza kunukuliwa kwenye kikao na mtu aliyekuja na jibu lake tayari mfukoni. Kwa hiyo mchague mwenyewe wa kusimamishwa, usiiachie programu. Kisha andika chini ya jedwali, kwa herufi zinazosomeka: "Kundi la kulinganishia ni wakulima." Na kama kwenye dodoso lako kuna mtu anayelima na kufuga, kama walivyo wengi, usimlazimishe kuingia kwenye 1 au 2 ili jedwali lipendeze. Mpe 3.

Hatua ya 5: "Scale"

Kwa SPSS, kwenye safu ya aina ya kipimo, neno hili lina maana ya namba halisi: kilo, ekari, umri. Kwa mwalimu wako wa mbinu za utafiti ni yale maswali ya "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Kwenye menyu ya "Analyze" ni chumba kingine kabisa, ambamo unapima kama maswali yako yanakwenda pamoja, kwa kipimo alichokitangaza Lee Cronbach mwaka 1951. Majibu ya "nakubali sana" yawekee "Ordinal", na ukiulizwa sababu sema kwamba umbali kati ya "nakubali" na "nakubali sana" hakuna aliyeupima. Jopo litatikisa kichwa kwa kuridhika. Twende.

Hatua ya 6: Usisome "Sig." ya kwanza unayoiona

Hii peke yake inastahili nauli ya kwenda na kurudi Mikumi.

Umeiambia SPSS ilinganishe wastani wa gunia zilizopotea, mashamba ya karibu na ya mbali. Inakuletea jedwali refu lenye mistari miwili na safu nyingi, pana hadi linatoka nje ya skrini. Jicho lako litatafuta neno "Sig." na kulikuta upande wa kushoto. Tuseme pameandikwa .032. Moyo utaruka. Ni chini ya .05! Utaandika: tofauti ni ya kweli.

Hapana. "Sig." hiyo si ya swali lako. Ni ya jaribio la Levene, linalouliza jambo jingine: je, makundi mawili yametawanyika sawasawa? Yaani, je, hasara za wa karibu zinapishana kama zinavyopishana za wa mbali? Kwa .032 jibu ni kwamba huenda hazifanani, na kazi pekee ya jibu hilo ni kukuambia usome mstari upi. Likiwa dogo kuliko .05, shuka mstari wa pili, ule ulioandikwa kwamba mtawanyiko haudhaniwi kuwa sawa. Kisha tembea kulia, pita t, pita df, hadi kwenye "Sig. (2-tailed)". Katika matoleo ya karibuni, kuanzia la 28, safu hiyo imeandikwa "Two-Sided p". Tuseme mstari wa juu unasema .041 na wa chini unasema .058.

Tazama ulivyokaribia. Jedwali moja, namba tatu: .032, .041 na .058. Mbili zinakuruhusu kushangilia, ya tatu inakukataza, na iliyo yako ni ya tatu. Wanaosherehekea ile ya kwanza wamejaa kwenye kabati za maktaba. Wewe usiwe miongoni mwao.

Ukikuta .000, usiandike kwamba uwezekano ni sifuri. Programu imekata desimali tu. Bonyeza seli mara mbili uone mkia wake. Andika "chini ya 0.001".

Na jopo likikuuliza "Sig." ina maana gani, jibu polepole, ukimtazama mtahini: "Kama kweli hakuna tofauti kati ya mashamba ya karibu na ya mbali, hii ni sehemu ya sampuli ambazo bado zingeonesha tofauti kubwa kama niliyoiona, au zaidi, kwa bahati tu." Liseme hadi likutoke usingizini. Haisemi tofauti ni kubwa. Haisemi tofauti ni muhimu kwa mkulima. Tofauti ya nusu debe inaweza kuwa na "Sig." ndogo ajabu ukihoji watu wengi vya kutosha.

Hatua ya 7: Kutokuwapo si sifuri

Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na wanyama hugongwa. Watafiti wamelifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi. Uchunguzi wa athari za barabara hiyo kwa wanyama wakubwa ulichapishwa mwaka 1996 kwenye African Journal of Ecology. Tuseme na wewe umehesabu mizoga. Siku uliyopita barabarani na hukuona mzoga, andika 0. Siku gari liliharibika hukwenda, acha wazi. Hizo ni siku mbili tofauti, na ukizijaza zote sifuri umewapunguza wanyama waliokufa kwa kalamu. Na siku uliyochelewa, fisi na tai wakakutangulia? Iandikie maelezo. Fisi haachi risiti.

Sasa sikia tabia za programu kuhusu pengo. R, ukiomba wastani kwenye safu yenye pengo hata moja, inagoma na kukurudishia NA. Ni ukali wa mwalimu mzuri, uiambie wazi kwamba mapengo yaachwe. SPSS inayaruka mapengo kimya. Stata ndiyo ya kuogopa: kwake pengo ni kubwa kuliko namba yoyote duniani. Ukiiambia itengeneze kundi la wazee, "wenye umri zaidi ya 60", kila aliyekataa kutaja umri anaingia kwenye kundi la wazee, hata kama ni binti wa miaka 19. Ongeza sharti kwamba umri usiwe pengo. Kila mara.

Na wale wanaoandika 999 kwa mtu asiyejua umri wake: sawa, ni desturi ya zamani, lakini iambie programu kwamba 999 ni pengo. Watu tisa wa miaka 40 na mmoja wa 999 wana wastani wa miaka 135.9. Mtahini hahitaji shahada kuliona hilo.

Wakati mwingine pengo ni kubwa kuliko dodoso. Sensa ya 2002 iliikuta Wilaya ya Kilosa na watu 489,513. Sensa ya 2012 ikaikuta na watu 438,175. Nimesikia mtu akieleza upungufu huo kwa ukame, mwingine kwa mafuriko, mwingine kwa vijana kukimbilia Dar es Salaam. Gairo ilikuwa imemegwa kuwa wilaya yake, na watu wake 193,011 walihesabiwa huko. Jumlisha mwenyewe uone. Safu mbili zinaweza kuwa na jina moja na zisiwe kitu kimoja. Kabla ya kulinganisha miaka, uliza mipaka.

Hatua ya 8: "Split" na ndugu zake

Mwalimu wa majaribio ya shamba akisema "split-plot" anazungumzia vitalu vikubwa vilivyogawanywa ndani kuwa vidogo, ramani ya shamba kabisa. "Split File" ya SPSS ni swichi inayokutolea majibu kila kundi peke yake. Hazihusiani hata kidogo. Swichi hiyo, pamoja na ile ya "Select Cases", hubaki imewaka hadi uizime. Mtu anachambua wanawake peke yao Jumatatu, anarudi Jumanne kuchambua kijiji kizima, na kijiji kizima kinakuwa wanawake. Tazama kona ya chini kulia ya dirisha: ukiona "Filter On" au "Split by", unajua kwa nini sampuli yako imepungua.

Hatua ya 9: "Exp(B)" haisemi mara mbili

Tuseme kati ya kaya 100 za karibu na mpaka, 75 zimevamiwa na tembo. Kati ya 100 za mbali, 60. Programu itakuandikia 2 kwenye "Exp(B)", na mkono utakuwasha kuandika kwamba wa karibu wana uwezekano mara mbili. Hesabu kwa vidole. Karibu: 75 dhidi ya 25, yaani 3. Mbali: 60 dhidi ya 40, yaani 1.5. Tatu gawa kwa moja na nusu ni 2. Ndiyo maana yake, uwiano wa uwiano. Lakini 75 si mara mbili ya 60. Ni zaidi kwa robo tu. Andika asilimia zote mbili kando ya hiyo 2, na hutamtisha mtu bure wala kumpa wizara sababu ya kukupuuza.

Hatua ya 10: Feli vizuri

Tumerudi kwenye .058 yetu. Umefeli, kwa maana ile ya mtaani. Vishawishi vitatu vitakujia usiku huo.

Cha kwanza ni kupika: kuongeza gunia mbili kwa mkulima mmoja, kumfuta mwingine. Kudesa ni kupita njia fupi kwenda mahali palepale. Kupika ni kwenda pengine na kudai umefika. Yule baba aliyekukalisha kwenye mkeka akaacha kuchambua maharage akujibu maswali yako, usimgeuze. Cha pili ni kujaribu kila kitu hadi kitu kikubali: umri, elimu, dini, rangi ya paa. Ukifanya majaribio 20 yasiyohusiana ambayo yote hayana kitu ndani, nafasi ya angalau moja kutoka chini ya .05 kwa bahati ni asilimia 64. Kitakubali tu, ndiyo sababu hakina thamani. Cha tatu ni maneno matamu: "ilikaribia", "ilielekea". Acha.

Badala yake andika hivi, uone unavyopendeza: mashamba ya karibu yalipoteza wastani wa gunia 4.1 na ya mbali 2.9, tofauti ni 1.2, na data zetu zinapatana na tofauti kuanzia chini kidogo ya sifuri hadi karibu gunia mbili na nusu. Basi. Ukomo wa .05 ulienezwa na Ronald Fisher katika kitabu chake cha 1925 kwa sababu ulimfaa kwa matumizi, na mwaka 2016 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko kwamba uamuzi usitegemee tu kama namba imevuka mstari huo. Mtahini akikubana, mkumbushe kwa adabu, "mwalimu" kwanza, tamko baadaye. Gunia mbili na nusu kwa kaya inayolima ekari mbili ni chakula cha miezi. Gunia sifuri si kitu. Kusema kwamba hujui ni lipi, na kwamba sampuli kubwa zaidi ingejua, ni matokeo kamili.

Hatua ya 11: Rudisha desa kwa wenyewe

Ukishapitishwa, kabla ya kununua suti ya mahafali, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Usiweke "Sig.", wala fakta, wala rigresheni. Taja hasara kwa gunia, na useme ni gunia la kilo ngapi. Sema uliwahoji wangapi, lini, na nani hukumfikia: waliokuwa malishoni, waliokuwa kwenye miwa Ruembe, wajane ambao hakuna aliyekupeleka kwao. Ukikwama kwenye sentensi, basi jedwali linalohusika hukulielewa; fungua kompyuta ulisome upya, mara nyingi utakuta kosa ni la hatua ya nne au ya sita. Chapisha nakala mbili, moja ibandikwe ubaoni, moja ibaki kwenye faili. Chini andika jina lako na namba ya simu. Ile unayopokea.